Kapu Lisilo na Mshikio

Nilikuja mji huu kukaa wiki mbili. Huu ni mwaka wa pili.

Mdogo wangu wa kike, ambaye ni mshonaji, alinipa chumba cha nyuma anachowekea vitambaa, akaniuliza, "Kaka, unaondoka lini?" Nikamwambia, "Kesho." Majirani waliokuwa wanasubiri nguo zao pale barazani wakacheka, na tangu siku ile mtaa mzima, wadogo kwa wakubwa, wananiita Babu Kesho. Sikasiriki. Nimeitwa mabaya zaidi katika miji mizuri zaidi.

Mimi ni mtu wa njia. Nimebeba magunia, nimepaka rangi madaraja, nimelinda maghala, nimewapikia watu wa barabara kwenye mahema. Shule nilisoma vipande vipande: darasa la kwanza mji mmoja, la tatu mji mwingine, na la pili sijui nililiacha wapi mpaka leo. Na kila mahali nilipoharibu kitu, nilitia nguo zangu kwenye begi la turubai, nikatupia mkanda begani, nikatoka kabla mtu hajaniuliza. Ndiyo maana jina langu halimo kwenye daftari lolote la mji wowote. Sijivunii hilo, wala silionei haya. Ndivyo nilivyoishi.

Kilichonishika hapa ni shamba.

Nyuma ya kiwanda cha zamani cha mabati kuna kiwanja, ukubwa wake kama nusu ya uwanja wa mpira. Anakilima mama mmoja tunayemwita Bi Jembe, mwanamke mfupi mwenye mabega ya mpasua mbao. Kiwanja ni cha ofisi ya mji, naye amekikodi. Sasa utaratibu wake ni huu. Nyumba arobaini na moja za mtaa wetu hutoa mchango kabla ya msimu, wakati shambani hakuna hata jani. Mchango ule ndio mbegu, ndio maji, ndio chakula cha Bi Jembe. Halafu kila Jumamosi tunagawana kile ardhi ilichotoa. Ikitoa kingi, tunabeba kingi. Ikitoa kidogo, tunabeba kidogo na hatumnunii mtu. Haya yameandikwa kwenye karatasi iliyobandikwa kwenye mlango wa mdogo wangu, na kila nyumba imeyakubali. Ila kukubali kugawana kidogo wakati kapu linafurika ni rahisi. Hata mimi ningeweka sahihi.

Kugawa kunafanyika barazani kwetu, na mgawaji ni mimi. Nilipewa kazi hiyo kwa sababu sikuwa na nyingine, nikaipenda. Vikapu arobaini na moja vinapangwa juu ya mabenchi, nami navipitia kama mtu anayegawa karata: fungu hapa, fungu pale, jani likizidi huku nalipeleka kule. Wiki ya kwanza watu waligombana, huyu anasema la yule limejaa, yule anasema la huyu lina mboga laini. Bi Jembe akapiga kofi moja tu la mikono.

"Anayegawa," akasema, "atachukua kapu la mwisho. Litakalobaki ndilo lake. Mwisho wa maneno."

Toka hapo ugomvi ukafa, maana mgawaji akipendelea, anajinyima mwenyewe. Na kapu linalobaki siku zote ni lile lile, lililokatika mshikio. Hakuna anayetaka kulikumbatia njia nzima kama mtoto mgonjwa. Nikawa nalibeba mimi mpaka jikoni, hatua kumi na mbili. Kwenye daftari la mapokezi, penye "nyumba ya mshonaji," mdogo wangu ndiye aliyekuwa akiweka sahihi. Mimi, kalamu ikija upande wangu, nilikuwa naikumbuka ghafla kazi ya kufagia.

Sasa sikiliza tulivyoharibu.

Kuna mtu ana magari makubwa ya mizigo na hana pa kuyalaza. Tunamwita Mwenye Yadi. Amekitamani kiwanja chetu tangu zamani, naye ni mtu anayesalimiwa kwa mikono miwili kule ofisini. Mwezi uliopita afisa ardhi alikuja na pikipiki, faili kwapani, akatusomea kifungu cha mkataba wa Bi Jembe ambacho hakuna aliyewahi kukiangalia mara mbili: kila wiki ya msimu, kila nyumba iliyoandikwa ipokee fungu lake kutoka shambani humo na kuweka sahihi. Wiki moja ikikosa, kiwanja kinarudi ofisini.

"Jumamosi ya mwisho wa mwezi nitakuja mwenyewe," akasema. "Saa tatu kamili. Nione kwa macho."

"Karibu sana," Bi Jembe akamjibu. "Njoo na kapu."

Hakuwa na wasiwasi. Mchicha ulikuwa unapanda, spinachi na figiri vilikuwa vimeshika tuta. Akaniambia Jumamosi moja wakati nagawa, huku anafunga kamba za viatu, "Mzee, nampeleka mama yangu hospitali, nitakaa naye siku nne tano. Mtafute mtu mmoja aweke mbolea ya kuku kidogo kwenye matuta ya mboga. Kidogo."

Mimi, badala ya kumtafuta mtu mmoja, nikasimama juu ya benchi. Napenda kusimama juu ya benchi, ni ugonjwa. Nikatangaza, "Jamani! Shamba linataka mbolea kabla ya mkubwa kuja. Anayepita aweke kidogo!"

Wakapita. Loo, walipita! Ukimpa mtu kitu ambacho ni chake na cha wenzake arobaini, atakitunza kama ana mashaka na wale arobaini. Mfugaji wa kuku wa mtaa wa pili alifurahi, maana banda lake lilisafishwa mpaka sakafu ikaonekana. Mbolea ilikuwa mbichi, inanuka hadi machozi yanatoka. Mmoja akaja asubuhi akiwa anakwenda kazini. Mwingine akaja mchana. Mwingine alikuta imewekwa, akasema moyoni, hawa wameweka kiubahili, akaongeza. Nami pia nilipita Jumatatu, nikaweka viganja viwili.

Alhamisi asubuhi Bi Jembe alirudi. Alinipitia barazani bila salamu, akaniashiria kwa kidole nimfuate.

Mboga zilikuwa zimeungua bila moto. Mchicha umelala chini, umekunjamana kama karatasi iliyochomolewa jikoni. Spinachi ina rangi ya chai ya juzi. Figiri, ukigusa, linabaki mkononi. Matuta manane, kutoka ukutani mpaka njiani.

Bi Jembe alichuchumaa, akachota udongo, akaunusa, akanipa na mimi ninuse.

"Nilisema mtu mmoja," akasema.

"Ulisema."

"Nilisema kidogo."

"Ulisema, Bi Jembe."

Akapangusa viganja, akasimama. Heri angenitukana. Matusi nayajua, yana mwanzo na mwisho.

Jioni ile, jua bado lipo, watu wa vikapu walijaa barazani. Fundi saa, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, ndiye aliyeanza, na lile jicho lake moja lililozoea kufumba.

"Mimi niliweka kidogo tu," akasema.

"Na mimi kidogo," akasema muuza mkaa.

"Kidogo sana," akasema mkunga.

"Mimi nilipima," akasema Mama Mizani. "Gramu mia tano. Asiniguse mtu."

Huyu Mama Mizani lazima nimweleze. Ni mama mtu mzima, mjane, anayekuja kila Jumamosi na mizani yake ya mkono, ile ya ndoano. Anatundika kapu lake hapo hapo mbele yangu, anasoma namba, anaguna. Mwaka mzima sijamsikia akisema limetosha. Wiki moja alirudisha bilinganya kwa sababu ilikuwa na kovu.

"Kidogo arobaini na moja," mdogo wangu akasema bila kuinua macho kutoka kwenye cherehani. "Na wote mna akili timamu."

Fundi saa akakohoa. "Jamani, tusilie. Jumamosi alfajiri mimi na wenzangu wawili tunakwenda soko kuu. Mchicha upo, spinachi ipo. Tunajaza vikapu, afisa anakuja, anaona kijani, anaondoka. Nani atajua?"

Watu wakaanza kuitikia, ee, ee, hilo ni wazo. Bi Jembe alikuwa ameketi kwenye ngazi, miguu ina udongo mpaka magotini. Akasimama.

"Mimi nitajua," akasema. "Na ninyi arobaini na moja mtajua. Siku nikigawa mboga ya sokoni na kusema ni ya kwangu, Mwenye Yadi hana haja ya kuniondoa. Nitakuwa nimeshaondoka."

"Lakini kiwanja, Bi Jembe! Utakula kanuni?" fundi saa akasema.

"Kiwanja kitaondoka kikiondoka. Kwa uongo hakibaki." Akatugeukia wote. "Mlibandika karatasi mlangoni. Ikitoa kidogo, tunabeba kidogo. Haya, imetoa kidogo. Nataka kuona ninyi ni watu wa karatasi au watu wa kweli. Jumamosi leteni vikapu."

Akaenda zake. Watu wakatawanyika wawili wawili, wananong'ona. Wengine walikuwa wakinitazama mimi. Na walikuwa na haki.

Ijumaa mchana niliingia chumbani nikafunga mlango. Nilishajua dawa yake, nimeitumia miji kumi na minne. Mtu aliyepanda juu ya benchi na kuunguza shamba la watu, kesho yake hatakiwi awepo. Nikavuta begi kutoka chini ya kitanda, nikatia mashati, wembe, na radio yangu. Nikalifunga. Nikalinyanyua nilitupie begani, likaanguka kwenye vidole vya miguu.

Mkanda haukuwepo. Ulikuwa umefumuliwa, uzi mmoja mmoja, kwa ustadi mkubwa, pande zote mbili.

Nikatoka na begi mikononi, nimelikumbatia kama lile kapu. Mdogo wangu yuko kwenye cherehani, pini mdomoni.

"Mkanda wangu uko wapi?"

"Niliuhitaji."

"Uliuhitaji wa nini?"

"Kazi." Akakanyaga cherehani, trrr, akasimamisha. Akatoa pini mdomoni moja moja, akazichomeka kwenye kitambaa. "Kaka, mama alipougua ulikuwa wapi?"

"Njiani."

"Mume wangu alipofariki?"

"Nilikuja."

"Ulikuja baada ya arobaini. Mimi sikukudai neno. Nilisema, kaka ni wa njia, aliumbwa na miguu. Lakini hili la shamba ni lako. Umelivunja na mdomo wako mwenyewe, mbele ya watu. Kama utaondoka, ondoka, milango iko miwili. Ila utaondoka umekumbatia begi kama mwizi wa kuku, na kila atakayekuona atajua unakimbia mchicha."

Nikacheka, nikakasirika kwa kuwa nimecheka. Nikarudi chumbani, nikaketi kitandani juu ya begi. Sikulifungua. Lakini sikutoka pia. Baadaye kidogo nikavaa viatu, nikaenda shambani.

Bi Jembe alikuwa huko, anakwangua ile mbolea kwa reki na kuirundika kando. Nikachukua beleshi. Tulifanya kazi mpaka jua likashuka nyuma ya kiwanda, kisha nikamuuliza, "Hakuna kitu kabisa? Hakuna kitu hata kimoja kilichopona?"

Tukaanza kutafuta kama watu waliopoteza pete. Pembeni, nyuma ya lundo la mabati makuukuu, kulikuwa na safu moja ya vitunguu vya majani ambayo hakuna mguu ulioifikia. Kwenye ukuta, mpilipili mmoja. Na juu ya paa la kibanda cha zana lilikuwa limekaa boga moja, kubwa, limekomaa mpaka ganda linalia ukiligonga. Lile Bi Jembe alikuwa ameliacha kwa ajili ya mbegu za msimu ujao.

Akapanda, akalishusha.

"Mbegu ni zangu," akasema. "Nyama ni yenu."

Jumamosi, saa moja asubuhi, baraza lilikuwa limefagiliwa na mabenchi yamepangwa. Vikapu vilianza kuletwa. Watu waliviweka na kusimama pembeni, mikono nyuma, hakuna anayetania. Nilihesabu arobaini. Nikatazama pale pa kapu langu, halipo. "Liko kwangu, nitalileta," mdogo wangu akasema kutoka ndani. "Wewe gawa."

Tukaliweka boga mezani. Mdogo wangu akatoka na futi yake ya kupimia nguo, akalizungushia kiunoni kama anampima bibi harusi mnene.

"Mia moja ishirini na tatu," akasoma.

Fundi saa akafumba lile jicho. "Gawanya kwa arobaini na moja. Tatu! Tatu kamili, haina salio!" Alisema kwa furaha ya mtu aliyepata saa iliyosimama ikatembea. Hapo ndipo mtu wa kwanza alipocheka.

Mdogo wangu akachukua chaki ya kitambaa akapiga mistari, sentimita tatu kwa tatu, kutoka kikonyo mpaka kitovu. Bi Jembe akalipasua katikati, akakomba mbegu zote kwenye bakuli. Halafu nikapewa kisu mimi. Nimekata mengi maishani, lakini sijawahi kukata kitu kwa adabu kama lile boga. Nyuma yangu mkunga alikuwa akiniambia, "Taratibu, baba. Usisukume. Acha lije lenyewe," na watu wakaangua kicheko.

Kila kapu: kipande kimoja cha boga chembamba kama mwezi wa siku tatu, pilipili moja, na majani mawili ya kitunguu. Pilipili zilikuwa arobaini na tatu. Mbili nikamrudishia Bi Jembe, maana haziwezi kugawanyika bila fitina.

Saa mbili na nusu pikipiki ikalia. Afisa ardhi amewahi makusudi. Alikuwa kijana wa makamo, shati limenyooshwa, kiatu kinang'aa, na nyuma ya pikipiki alikuwa amempakia mtu mwingine mwenye futi ya chuma kiunoni. Huyo hakusema ni nani. Hakuhitaji. Mtu haji na futi kuangalia mchicha.

"Shikamooni wazee," afisa akasema. Akapita kwenye mabenchi, anachungulia kapu moja baada ya jingine. Akachungulia la tano, la sita. Akageuka.

"Ndiyo mavuno haya?"

"Ndiyo," Bi Jembe akasema.

"Mama, mimi sikuja kutaniwa."

"Hakuna anayekutania. Wiki hii shamba limetoa hiki. Limeungua."

"Limeungua na nini?"

"Na mapenzi," mdogo wangu akasema kutoka mlangoni, na afisa akaandika kitu, sijui aliandika nini.

Akafungua faili. "Mkataba unasema mazao."

"Boga ni zao," fundi saa akasema.

"Unasema kila nyumba ipate fungu."

"Hesabu."

"Fungu, mzee! Hiki ni kipande!"

"Onyesha palipoandikwa kilo," Bi Jembe akasema. Hakupaza sauti. "Nionyeshe, nitafunga zana zangu sasa hivi."

Afisa akasoma. Akageuza ukurasa, akarudi. Yule wa futi ya chuma akamnong'oneza. Afisa akafunga faili.

"Sawa. Lakini imeandikwa kila nyumba ipokee na kuweka sahihi. Kila moja. Mimi nitasimama hapa na daftari, na nitamuuliza kila mtu kama amepokea fungu lake. Mmoja akisema hakupata, au akikataa kuweka sahihi, wiki imekufa. Na nawaambia mapema, hakuna anayelazimishwa kukubali kudhulumiwa. Mlitoa michango yenu. Mna haki ya kulalamika."

Alilisema hilo la mwisho kwa upole sana, kama mtu anayemfungulia kuku mlango wa banda. Na nikaona watu wakitazamana, kwa sababu ilikuwa kweli. Walitoa.

Wa kwanza akatoka muuza mkaa. Akachukua kapu.

"Umepokea fungu lako?"

"Nimepokea." Akaweka sahihi na kidole kikaacha alama nyeusi.

"Na umeridhika?"

"Hilo halimo kwenye mkataba," muuza mkaa akasema, akaondoka. Tukapiga vigelegele. Wa pili, wa tatu. Mkunga alipoulizwa akasema, "Mwanangu, nimepokea vidogo kuliko hiki na vikakua vikavaa tai." Afisa akainamisha uso kwenye daftari.

Walifika ishirini. Walifika thelathini. Kisha mstari ukasimama, kwa sababu aliyefuata alikuwa Mama Mizani, na alikuwa anatoa mizani yake kwenye mkoba.

Akatundika kapu kwenye ndoano, akanyanyua. Afisa akasogea karibu, na yule wa futi naye.

"Mama," afisa akasema, "naona unapima. Umepungukiwa?"

Mama Mizani alisubiri sindano itulie. Anapenda itulie kabisa. Akasoma, akaguna lile guno lake. Akamtazama afisa kutoka viatu mpaka kola.

"We kijana, nilipofiwa na mume wangu mlikuja kupima nyumba yangu kabla udongo wa kaburi haujakauka. Na futi kama hiyo hiyo. Mlinipimia mkapunguza hatua nne. Toka siku ile napima kila kitu." Akatoa kapu kwenye ndoano. "Hili limetimia. Lete kalamu."

Akaandika sahihi ndefu yenye mkia. Akipita mbele yangu akaniambia kwa sauti ya chini, "Kipande changu kimekatwa kwa kuinama upande mmoja. Wiki ijayo uwe makini." Nikamwambia, "Ndiyo, mama." Sijawahi kufurahi kukaripiwa namna ile.

Waliobaki walipita haraka. Afisa akahesabu sahihi kwa kidole, mara mbili.

"Arobaini," akasema, na uso wake ukapata nuru kidogo. "Mkataba una nyumba arobaini na moja. Nyumba ya mshonaji bado."

Nikamwita mdogo wangu. Hakuja. Nikachungulia ndani. Ameketi kwenye cherehani, uzi mdomoni, anashona kitu kizito.

"Njoo uweke sahihi, wanasubiri!"

Akatikisa kichwa. "Kapu la mwisho ni la mgawaji," akasema kwa meno. "Mgawaji aweke sahihi."

"Siku zote unaweka wewe!"

"Siku zote nilikuwa na nafasi. Leo nina kazi." Akakata uzi, akasimama, akaniletea kapu langu. Lile lile lililokatika. Lakini sasa lilikuwa na mshikio: turubai nene, kijani iliyopauka, imeshonwa mara nne kila upande kwa uzi wa viatu. Niliutambua kabla sijaugusa. Umekaa begani kwangu miaka ishirini na sita.

Nikaweka ndani yake kile kipande kilichobaki, pilipili na majani mawili. Nikatoka nalo.

"Mzee, jina," afisa akasema.

"Babu Kesho!" watu wakapiga kelele.

"Hilo si jina. Kwenye daftari naandika jina. Wewe ni mkazi wa nyumba hii? Unakaa hapa?" Akaniangalia vizuri, na nadhani aliona kitu, maana sauti yake ikawa na ule upole tena. "Kama ni mpita njia tu, sema, hakuna tatizo. Mpita njia hawezi kuwekea nyumba sahihi."

Barabara ilikuwa pale pale, nyuma ya pikipiki yake. Niliiona. Sitasema uongo, niliiona vizuri sana.

"Nakaa hapa," nikasema.

"Tangu lini?"

"Tangu mwaka jana. Na nitakuwepo Jumamosi ijayo, na ile nyingine, uje uniulize tena. Lete kalamu."

Herufi zangu nilijifunza katika shule nne, kwa hiyo haziendani. Nyingine zimelala, nyingine zimesimama kama askari. Niliandika jina langu, nikaandika la baba, nikaandika na la babu, polepole, mpaka nikatoka nje ya mstari na kuingia kwenye wa chini. Yule wa futi ya chuma alianza kuvaa kofia yake.

"Umemaliza?" afisa akauliza.

"Bado." Nikaongeza nukta.

Akaandika kwenye faili: yamegawiwa. Bi Jembe alisoma juu ya bega lake, neno kwa neno, kisha akampa mkononi zile pilipili mbili zilizozidi. "Chukua. Wewe siyo mwanachama, lakini umesimama mstarini." Hakujua afanyeje nazo. Akazitia mfukoni mwa shati lile lililonyooshwa.

Pikipiki ilipopinda kona watu hawakushangilia kama nilivyodhani. Walisimama tu na vikapu vyao vyepesi. Wote tulijua mboga hazitaota kwa wiki moja, na Mwenye Yadi hajauza magari yake. Safu ya vitunguu ina majani ya Jumamosi moja zaidi, labda mbili tukikata jani moja moja.

"Tutagawa mbegu za boga basi," fundi saa akasema. "Mbili mbili."

"Mbegu hagusi mtu," Bi Jembe akasema. "Mchana nataka watu sita na mareki. Sita! Nitawataja mwenyewe kwa vidole. Na huyu mzee asipande juu ya benchi."

Nilikuwa wa kwanza kutajwa. Nikatundika kapu begani, mkanda ukakaa pale pale ulipozoea, nikaenda.